Dhamira ya Shule na Theluji ya Bwiza

Jumatatu, 3 Februari

Kikao cha walimu. Joto la kuivisha mayai. Mkuu wetu wa shule, Madamu Caritas, ametangaza jambo kubwa: kuna shirika litakalotoa kompyuta ishirini na paneli za jua kwa shule moja tu ya Bujumbura. Shule tatu zinashindana. Sisi ni mojawapo! Wageni wanakuja Jumatatu ijayo. Wanataka kuona mpango wa teknolojia wa shule, hasa ukurasa wa kwanza, yaani muhtasari na dhamira. Eti huo ndio wanaousoma. Kurasa zingine wanafunua tu.

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi.

Sababu zangu ni safi. Mimi, Namegabe, nimefundisha jiografia hapa Bwiza miaka kumi na sita, na kalamu yangu inajulikana. Tena atakayeandika dhamira ndiye atakayekuwa mratibu wa teknolojia, hilo halina ubishi, na mratibu hakosi ofisi. Ile stoo ya chaki ina dirisha la mtaani. Nimeipima kwa hatua. Meza itaingia. Kibao cha jina langu pia.

Bahati mbaya, Kaltum naye alinyoosha mkono. Polepole, kama mtu anayeuliza njia. Kaltum anafundisha hesabu, na saa mbili kwa wiki anafundisha kompyuta. Kwa katoni! Mashine zetu ziko tisa, zinazowaka ni nne, na hapo ni umeme ukiwepo. Basi yeye amekata maboksi ya viatu, akachora juu yake herufi zote za kibodi, akawagawia wanafunzi. Mwaka jana nilicheka mpaka nikakohoa.

Madamu Caritas akaamua tuandike wote wawili. Pamoja! Nilimwambia Kaltum kwamba mimi nitabeba sehemu nzito na yeye ataangalia koma. Akakubali papo hapo na kunishukuru. Mtu anayekubali haraka hivyo ana lake moyoni.

Jumanne, 4 Februari

Kurasa kumi na moja! Na huo ni muhtasari tu. Nimeanzia binadamu alipogundua moto.

Kabla ya kwenda shule nilimsomea mke wangu Amélie, yeye akiwa kwenye cherehani. Ukurasa wa tatu akauliza shule yetu inaingia wapi. Nikamjibu: ukurasa wa nane. Akasema ana sketi ya kumaliza, nikifika huko nimwite.

Saa ya nne sina kipindi. Nilipita dirisha la darasa la Kaltum, nikajifanya nakagua bawaba. Haikuwa upelelezi. Ilikuwa utafiti.

Wanafunzi hamsini na wanne. Katoni moja kwa watatu. Kaltum anataja neno, vidole vinakimbia, katoni inabadilisha mikono, anataja jingine. Hakuna kelele. Inasikika ile sauti tu ya ncha za vidole kwenye karatasi ngumu, kama mvua inapoanza juu ya mabati. Darasa langu halijawahi kunyamaza hivyo, hata siku ya mtihani.

Akaniona. Hakukunja uso. Akaniita mbele ya wote: “Mwalimu Namegabe, iko nafasi hapa mbele. Karibu.”

Ningefanya nini? Nikakaa. Goti likagonga dawati. Nikatafuta herufi P kama mtu anayetafuta funguo. Msichana wa pembeni, Chanelle, akaninong'oneza: “Musieu, P iko juu, upande wa kuume.” Ndipo nikagundua kwamba kwa miaka yote hii naandika kwa kidole kimoja huku nikihema.

Kipindi kilipokwisha nilikuwa nimeandika jina langu bila kuangalia. Mara mbili! Kwenye katoni ya viatu vya ngozi, namba arobaini na tatu.

Sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Jumatano, 5 Februari

Sikukuu ya Umoja. Hakuna shule. Siku nzuri ya kumpita Kaltum.

Nimefikiri hivi: kwa nini nitunge dhamira wakati dunia imejaa dhamira? Nikafungua simu. Nimepata moja ya shule ya ng'ambo, tamu ajabu! Ina “ubunifu”, ina “ubora”, ina “upeo wa karne”. Nikaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, nikaanza kuinakili. Nusu ya kwanza niliisoma vizuri. Nusu ya pili niliinakili bila kusoma, maana chaji ilibaki asilimia nne na umeme wa kwetu Kinama ulikuwa umeondoka tangu asubuhi.

Amélie aliuliza kwa nini nisiende tu kumuuliza Kaltum, maana yeye ndiye anayefundisha somo lenyewe. Nilimweleza kwamba mambo ya dhamira si ya kila mtu. Akasema, “Baba Darius, mi nimenyamaza.” Hakunyamaza vizuri.

Alhamisi, 6 Februari

Siku mbaya. Naandika ili nisisahau, ingawa wenzangu watanikumbusha.

Madamu Caritas alitaka kusikia tulipofika. Sikumngojea Kaltum. Nilisimama mbele ya walimu wote na kusoma kwa sauti yangu ya kanisani. Aya ya kwanza, Claude, mwalimu wa Kifaransa, alipiga makofi. Claude! Mtu asiyesifu hata chakula cha bure. Nikapandisha sauti. Nikaingia aya ya pili, nikasoma kwamba teknolojia itawawezesha wanafunzi wetu kuendelea na masomo wakati theluji inapofunga barabara.

Claude akashusha mikono.

Mdomo wangu ulikuwa na mwendo, haukusimama. Ukasoma na sentensi iliyofuata, kuhusu mabasi ya njano ya shule na uwanja wa kuteleza kwenye barafu.

Madamu Caritas alivua miwani. Akaniuliza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira, theluji ya mwisho Bwiza ilianguka lini, maana huenda yeye alikuwa safarini. Walimu wakalala juu ya meza kwa kicheko. Claude alitoa leso akafuta machozi.

Kaltum hakucheka. Alingoja watulie, akasema kwamba ndani ya sentensi ile kuna jambo la kweli. Kwetu si theluji, ni mvua. Mvua kubwa ikinyesha, korongo linajaa, watoto wa Kinama na Mutakura hawavuki, na somo la siku hiyo hawalipati tena. Hakuna aliyeliwaza hilo isipokuwa mwalimu Namegabe.

Mimi nimeliwaza! Mimi ninayekaa Kinama, niliyevuka korongo hilo miaka kumi na sita na suruali nimeikunja, sikuwahi kuliwaza hata dakika moja. Lakini lilivyotoka kinywani mwake lilikuwa na akili, na lilikuwa na jina langu.

Nilimfuata nje nikamuuliza kwa nini ameniokoa. Akashangaa. Akasema hakuniokoa, alikuwa anasikiliza tu. Kisha akaniambia nije dukani kwa baba yake kesho, baada ya swala ya Ijumaa, nilete na zile kurasa kumi na moja.

Ijumaa, 7 Februari

Nilikwenda na mpango: kurasa nane zibaki, yeye achague tatu za kutoa.

Baba yake, mzee Azzan, anauza vitambaa. Alituwekea viti viwili nyuma ya marobota, akaleta chai ya tangawizi, akarudi kwa wateja. Kaltum akachukua kurasa zangu na kuzisoma zote. Zote! Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Ukurasa wa sita akaweka alama ya penseli pembeni ya sentensi moja, akasema hiyo ni nzuri. Niliisoma mara tatu. Ni kweli, ni nzuri. Nilikuwa nimeandika kwamba tuna umeme unaokuja ukipenda.

Halafu akauliza: “Mutoto akimaliza kwetu, unataka aweze nini?”

Nikasema aweze kukabiliana na zama za kidijitali.

“Apana. Siku ya Jumanne, saa ine asubuhi. Amekaa. Aweze nini?”

Nikapekua kurasa zangu. Zama zangu zote hazikuwa na Jumanne.

Ndipo akanieleza habari ya dada wa Chanelle, yule msichana wa darasani kwake. Mwaka jana alifaulu mtihani wa taifa. Akaenda kwenye nyumba ya intaneti kujiandikisha chuo kikuu. Hakuwa amewahi kugusa mashine, kwa hiyo aliyekuwa anahudumia pale akamwandikia. Akakosea jina kwa herufi mbili na mwaka wa kuzaliwa kwa mmoja. Msichana alikuwa amekaa pale pale, anaangalia kioo, na hakujua anaangalia nini. Orodha ilipotoka hakuwemo. Alipoelewa kosa liko wapi, masomo yalikuwa yameshaanza. Sasa anauza nyanya soko la Mutakura.

Namfahamu msichana yule. Ndiye aliyenichorea ramani ya Ziwa Tanganyika nzuri kuliko zote, na mito yote mahali pake. Nilimpa alama kumi na tisa juu ya ishirini. Sikujua habari zake. Sikuuliza.

Kaltum alikuwa anajua, na hakuenda kulia kwa mtu. Alikwenda kuomba maboksi ya viatu kwa wenye maduka wa mtaa mzima. Mimi hayo maboksi nilikuwa nimeyacheka.

Tukaandika. Saa tatu kwa mistari sita. Aling'oa sifa zangu moja moja, na kila moja aliomba ruhusa kwanza, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. “Bunifu” niliitetea kwa dakika kumi. Akanisogezea kifutio. Mwishowe niliifuta mwenyewe.

Ikatoka hivi, kwa Kifaransa, nami naiweka hapa kwa lugha ya nyumbani:

Muhtasari: Tuna wanafunzi mia nane na kumi, kompyuta nne zinazowaka, na umeme unaokuja ukipenda. Mvua ikijaza korongo, nusu yao hawafiki. Kwa sasa tunajifunza kuandika juu ya katoni.

Dhamira: Kila mwanafunzi anayemaliza kwetu aweze kukaa mbele ya mashine yoyote, aandike jina lake bila kosa, atafute anachohitaji, na atambue mtu akimkosea au akimdanganya.

Nilisoma, nikasoma tena. Nilitamani sana iwe yangu peke yangu. Nimeandika hivyo hapa kwa sababu daftari halisemi.

Jumatatu, 10 Februari

Wageni!

Mpango wangu ulikuwa na vipande viwili. Kwanza, kuzichomeka kurasa zangu kumi na moja kwenye faili, nyuma, kama kiambatisho. Pili, kuwasha kompyuta nne mapema na kusimama mbele yake nikiwa na tai shingoni.

Saa tatu umeme ukaondoka. Nilibaki na tai na vioo vinne vyeusi. Nikaanza kukimbia huku na huku nikitafuta jenereta, mafuta, mtu wa kulaumu. Kaltum alikuwa anafuta ubao. Aliwaambia wageni kwamba leo wataona shule kama ilivyo, akawapeleka darasani kwake.

Mkuu wa wageni, Bwana Ilyasi, ni mtu mnene mwenye haya. Akaketi kwenye dawati, akapewa katoni, akafumba macho na kuandika jina lake. Chanelle alikuwa anamfuata vidole kwa macho. Akasema, “Samahani papa, umeruka Y. Hapo umeandika Ilasi.”

Bwana yule alifumbua macho, akaangalia vidole vyake, akacheka mpaka dawati likatikisika. Kisha akaacha kucheka. Akamuuliza Chanelle amejuaje, na katoni haioneshi kitu. Chanelle akajibu kwamba nyumbani kwao wanaangalia herufi sana.

Baadaye, ofisini, alisoma ukurasa wa kwanza kimya. Kurasa zangu kumi na moja alizichomoa, akajipepea nazo. Zina upepo mzuri. Akauliza dhamira hii imeandikwa na nani.

Madamu Caritas akaniangalia. Kinywa changu kilikuwa wazi tayari. Kaltum akawahi kusema tumeandika wawili.

Sijui kilichonipata. Nikasema, “Ni yeye. Mimi niliweka theluji.”

Walimu wakacheka, Bwana Ilyasi akaomba kuelezwa, na Kaltum akainama kuangalia viatu vyake. Nilirudi Kinama kwa miguu, maana mafuta hakuna na mabasi hakuna, na miguu ilikuwa myepesi. Amélie aliuliza kama naumwa.

Ijumaa, 14 Februari

Tumeshinda! Kompyuta kumi na mbili badala ya ishirini, lakini paneli zote. Kaltum ametajwa kuwa mratibu. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na nikaendelea wenzangu walipoacha. Sijaona mwalimu kama yule. Nimemwambia hivyo, mbele ya Claude.

Nami nimejifunza somo kubwa, lazima niliandike: ufupi! Mistari sita imeshinda shule mbili. Kwa hiyo mstari mmoja ungeshinda shule kumi. Na neno moja je?

Madamu Caritas anahitaji sasa mpango wa maji na vyoo wa kuwapa wafadhili wengine mwezi ujao. Nimemfuata mpaka getini na kumwomba aniachie peke yangu, Kaltum ana kazi nyingi. Nimemhakikishia kwamba dhamira yangu itakuwa ya neno moja tu. Amesema sawa, labda kwa uchovu.

Neno nimelipata leo hii hii: “Tiririka.”

Amélie anasema halieleweki. Nimemwambia ndiyo maana nimeliandikia utangulizi mfupi wa kulifafanua. Niko ukurasa wa tisa, na bado sijafika kwenye bomba.