Mafuta ya Kulainisha Kura

Jumatatu, 4 Agosti

Kiti cha mzee wa kanisa kiko wazi. Mchungaji Musyimi alitangaza jana: uchaguzi ni Jumapili hii, wagombea ni mimi na Ndeti. Ndeti ana duka la vipodozi hapa Tulia, mkabala na kibanda changu cha kuchaji simu. Ni mtu mzuri. Hilo ndilo tatizo.

Nimewahi kugombea kiti hiki. Nilipata kura ya Kalondu, mke wangu, na hata yeye aliinua mkono nusu, kama mtu anayejikuna sikio.

Kwetu kura ni ya kuinua mkono. Na leo nimegundua jambo. Wapiga kura wengi ni akina mama, na huu upepo wa Agosti umewapasua mikono vibaya. Wayua, mwenyekiti wao, alikuja kuchukua simu yake akaificha mikono ndani ya leso mpaka dakika ya mwisho. Mkono uliopauka unaona haya kuinuka. Nikiilainisha, itainuka. Na itamwinukia nani kama si mimi?

Nimemweleza Kalondu. Ameniuliza kama nimekula mchana.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza na jeli ya kukamulia ng'ombe. Nimejipaka asubuhi, mikono ikiwa mikavu kama gunia, nikajipaka tena. Kung'aa inang'aa. Chini ya mng'ao, nyufa ziko palepale.

Kalondu anasema nimefunika sufuria tupu. Jeli haileti maji, inazuia tu yale yaliyomo yasitoroke. Ningejipaka nikitoka kuoga, ngozi ikiwa na unyevu, ingesaidia. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema yeye hujipaka hivyo kila siku mbele yangu, tangu tuoane.

Simu ya mteja imeniponyoka mkononi mara tu nilipoishika. Kioo kimepona. Mteja bado.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeenda Kitui mjini kwa Hasina, mwenye duka la dawa. Watu wao walitoka pwani. Kiswahili chake hukifanya changu kionekane kinatembea kwa magongo. Ameniambia gliserini huvuta maji. Maneno matamu. Nimelipa, nimeondoka.

Njiani nimeona bango kubwa: mwanamume amevaa suti, uso unang'aa kama bilauri, na juu yake UPAKO MPYA. Tangazo la mafuta, bila shaka. Neno zuri sana hilo. Limekaa kisanifu.

Nimejipaka gliserini tupu. Kufika jioni mikono ilikuwa mikavu kuliko asubuhi, tena inanata. Vumbi jekundu la Tulia lote limehamia kwangu. Nimempigia Hasina. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Mzee Kisilu, uliondoka mimi nikiwa kwenye koma, sijafika nukta."

Kumbe gliserini huvuta maji popote iyapatapo. Hewa ikiwa na unyevu, huyavuta hewani. Hewa ya kwetu mwezi huu haina kitu, kwa hiyo imeyavuta kutoka ndani ya ngozi yangu mwenyewe. Anasema gliserini haifai kutumwa peke yake. Ipewe maji ya kushika, ipewe mafuta ya kujaza nyufa, na juu yake jeli kidogo ya kufunga mlango.

Jioni nzima nimesalimia watu kwa kiwiko.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimechanganya: maji, gliserini, mafuta ya alizeti, jeli. Hasina alikuwa amesema nitafute pia nta maalumu ya kuunganishia. Mimi nina mizinga nyuma ya nyumba. Nta ni nta.

Nilikoroga mpaka bega likalia. Ikawa nyeupe, ikapendeza. Ilipopoa, maji yakashuka chini, mafuta yakapanda juu, kila mmoja kwake, kama familia iliyogombania shamba. Ndeti akapita wakati huohuo. Akachungulia ndani ya sufuria, akaniuliza kwa upole, "Bwana Kisilu, nani mgonjwa? Naona umempikia supu."

Hasina amenifafanulia kwa simu, polepole, kama anavyofafanulia watoto. Maji na mafuta hayaelewani. Yanahitaji mshenga, mwenye mkono mmoja wa kushika maji na mwingine wa kushika mafuta. Nta ya nyuki ina urafiki na mafuta tu. Kwenye maji haina mtu. Ameniwekea nta yenyewe kwenye gari la mchana, pamoja na dawa ya kuzuia ukungu ambayo sikuagiza. Anasema chochote chenye maji huoza, na mimi ananijua.

Ijumaa, 8 Agosti

Imekubali. Nimepasha maji na gliserini upande mmoja, mafuta, jeli na nta upande mwingine, nikayaunganisha yakiwa moto, nikakoroga mpaka yakapoa. Dawa ya ukungu mwisho. Imetoka nzito, nyeupe, laini kama maziwa mgando. Nimepaka mkononi. Imeingia. Saa nyingi baadaye ngozi bado ni ya mtu.

Kalondu amepaka kwenye visigino vyake. Baadaye nimeona amepaka tena.

Tumekosana kidogo kuhusu jina. Yeye anataka niandike "mafuta ya kujipaka" kama watu wengine. Nimemwambia hiyo ni lugha ya sokoni. Mtu anayetaka uzee wa kanisa aandike Kiswahili chenye uzito. Akaniuliza kama nina hakika na hilo neno langu, upako, kwa sababu yeye amelisikia mahali. Nikamwambia hata mimi nimelisikia, nimeliona hata kwa bango. Ibada zetu ni za Kikamba. Kiswahili huja na wahubiri wageni, na wahubiri wageni mimi huwasinzia.

Vikopo vyote vimebandikwa: UPAKO MPYA WA KISILU.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimewagawia akina mama waliokuja kufagia kanisa. Bure. Sijawahi kuona zawadi ikipokelewa hivyo. Walisoma kibandiko, wakapokea kwa mikono miwili. Wengine walipiga goti kidogo.

Kanini, mmoja wao, akauliza kama inafanya kazi kweli. Nikamwambia ajaribu, ataona kabla ya jua kuzama. Akauliza kama anaweza kumpaka mume wake, yule anayekunywa. Nikasema huyo hasa, pombe hukausha mtu. Macho yake yakajaa machozi. Akauliza kama ampake akiwa amelala. Nikasema akiwa amelala ni vizuri zaidi, usiku ngozi hutulia.

Kura ziko mfukoni. Nimepiga pasi koti.

Jumapili, 10 Agosti

Kabla ya kura Mchungaji alisimama na kikopo changu mkononi. Akauliza kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili, ni nani aliyenipa mamlaka ya kugawa upako.

Hapo ndipo nilipojua. Upako si kupaka. Upako ni yale mafuta ya kuombewa, wanayopakwa wachungaji na wagonjwa. Kanini alikuwa ameupaka mlango, mbuzi, mume, na simu isiyoshika mtandao. Mume ameamka akiwa na uso laini, akaenda kunywa akiwa mchangamfu zaidi. Wayua akasema wao walidhani nimejitawaza kabla ya uchaguzi.

Nikaomba nijitetee. Afadhali ningekaa chini. Badala yake nikaeleza jinsi inavyofanya kazi: gliserini inavuta, mafuta yanajaza, jeli inafunga. Nikasema upako huu nimeupika mwenyewe kwa sufuria. Nikasema unafanya kazi hata kwa mtu asiye na imani.

Kalondu aliinamisha kichwa. Nilidhani anaomba.

Tukapiga kura. Wa Ndeti wakaambiwa wainue mikono. Ikainuka yote, mpaka juu kabisa, bila aibu, hakuna hata mmoja uliopauka. Mikono laini sana. Sitaki kudanganya, nilijivunia kazi yangu. Kwa upande wangu Kalondu alijikuna sikio.

Ndeti alikuja kunipa mkono. Wake pia ulikuwa laini. Akasema mke wake alimletea kidogo.

Jumatatu, 11 Agosti

Wayua amekuja asubuhi na mapema, kikopo kitupu ndani ya leso. Anataka kingine. Akasema mafuta hayana kosa, kosa ni la mwandishi. Nyuma yake wamekuja wengine.

Halafu habari: Ndeti ameomba apewe msaidizi. Uchaguzi ni Jumapili ijayo, mikono ileile.

Mchungaji amenikataza kuandika upako, na nimetii. Mimi si mkaidi. Nimekaa nikajiuliza kazi ya mafuta haya hasa ni nini. Yanaingiza maji ndani ya mtu, kisha yanahakikisha hayatoki tena. Jina likaja lenyewe, safi, halina utata wowote. Sikumsumbua hata Kalondu.

UBATIZO WA KISILU. Cha kwanza nimempelekea mke wa Mchungaji.