Miaka Miwili Bila Ua Kunyauka

Jumatatu, 3 Agosti

Hili sijamwambia mtu yeyote. Mawaridi ya sebuleni, ninayoyamwagilia kila asubuhi kwa miaka miwili sasa, ni ya plastiki. Niligundua mwaka jana. Nimeendelea kumwagilia ili asijue mtu kwamba sikujua. Baba hunisifu mbele ya wageni, eti nina mkono wa maua. Mama hutazama dari.

Sasa balaa. Baba amesema nisipopata kazi likizo hii ataniandikisha darasa la kuhutubia. Kusimama mbele za watu! Mimi, ambaye mgeni akipiga hodi naingia chooni!

Lakini duka la maua la barabara ya pili limebandika tangazo. Anatakiwa msaidizi, mwenye mafunzo au uzoefu. Mafunzo anayo binti wa shangazi, naye anaitaka kazi hiyo hiyo. Kozi ya miezi mitatu tu, na cheti amekitia fremu, kakitundika juu ya televisheni yao. Basi mimi nitashika uzoefu. Nimeandika barua: miaka miwili ya kutunza mawaridi, halijanyauka hata moja. Humo hamna uongo hata chembe.

Jumanne, 4 Agosti

Usaili. Mwenye duka ni mama anayependa karatasi. Cheti cha binti wa shangazi amekisoma mbele na nyuma, na nyuma hakuna kitu. Anayeacha kazi ni fundi wake, Bibi Mkasi, miaka thelathini humo dukani, magoti yamegoma. Yeye aliuliza kama cheti kinajua kutoa miiba. Wakabishana mbele yetu. Mwenye duka akasema aliyesoma anajua sababu ya kila kitu. Bibi Mkasi akasema mteja wa saa mbili asubuhi hataki sababu, anataka shada lake aende.

Binti wa shangazi kaongea nusu saa kuhusu rangi za joto na rangi za baridi. Ilipofika zamu yangu, ulimi uliganda. Nikatikisa kichwa tu. Bibi Mkasi akasema wenye uzoefu ndivyo walivyo, hawana maneno mengi. Ushindi!

Alhamisi, 6 Agosti

Jaribio. Kila mmoja mawaridi kumi na mawili, bakuli, na kipande cha sponji cha kuchomekea mashina. Binti wa shangazi aliweka sponji yake juu ya maji, akakunja mikono, akangoja izame yenyewe. Ndivyo walivyofundishwa. Kupoteza muda! Yangu niliikandamiza kwa mikono miwili hadi chini. Nikamaliza wa kwanza.

Bibi Mkasi akaguna. Akasema sponji ikisukumwa hewa hunaswa ndani, na katikati hubaki pakavu kabisa. Kumbe cheti na uzoefu vinakubaliana! Hiyo ni njama. Mashada yamebaki dukani. Kesho saa tatu wataangalia la nani bado limesimama.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku kuu ya maisha yangu! Nilifika na mfuko kwapani, Bibi Mkasi akifungua mlango. Nikamwambia nimekuja kumsaidia kufagia. Mawaridi yangu yalikuwa yameinamisha vichwa kama darasa lililofeli. Bibi Mkasi alipoingia nyuma, nikayang'oa yote, nikachomeka yale ya sebuleni kutoka mfukoni. Yaliyolegea nikayakimbiza nyumbani, nikayaweka kwenye chombo cha sebuleni. Saa tatu nikarudi, nahema.

Mwenye duka hakuwa na miwani. Akasema tangu afungue duka hajaona mawaridi yanayosimama leo vizuri kuliko yalivyosimama jana. La binti wa shangazi lilikuwa na ua moja lililolegea shingo. Moja! Niliona raha mpaka vidole vya miguu.

Bibi Mkasi akapitisha kidole kwenye petali langu. Kikatoka na vumbi. Akanitazama mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Mashada apange huyu mwenye cheti," akasema. "Huyu mwingine mpe mlango."

Mwenye duka akauliza mlango wa nini.

"Akaribishe wateja. Mwenye macho makavu hivi hatashindwa kuongea na mtu."

Nimeajiriwa! Uzoefu oyee! Darasa la kuhutubia, kwaheri ya kuonana. Binti wa shangazi atachomwa na miiba huko nyuma, mimi nimekabidhiwa mlango mzima.

Ndiyo, kuna hilo la kuongea. Nimeshalipanga. Jumatatu sauti itanikauka. Cheti cha daktari najiandikia mwenyewe, kwa lugha zote mbili ili kiwe na uzito. Niko mstari wa tatu.

Baba anaita kutoka sebuleni. Anauliza nimeyafanya nini maua, miaka miwili yamekaa salama, leo yamekufa yote kwa mpigo. Mama anacheka hadi anakohoa. Nyayo. Zinakuja huku, na kitu kinadondosha maji njia nzima. Cha daktari chini ya godoro, shajara ndani ya foronya, mimi nimelal—