Lori Lenye Pumzi ya Watu Wawili

Jumatatu, 6 Mei

Asubuhi mawingu, manyunyu, baridi ya kukunja vidole.

Lori limefika. Limefika likivutwa kwa kamba, jambo ambalo sikulipanga, na majirani walikuwa nje kana kwamba wametangaziwa. Nilikaa nyuma ya usukani nikawapungia mkono. Sijui kwa nini nilipunga.

Ni la zamani, rangi ya samawati iliyochujuka, na mlango wa kushoto haushiki mpaka uubamize kwa hasira. Lakini lina turbo. Nimemweleza mama kwenye simu kwamba turbo huipulizia injini hewa kwa nguvu, kwa hiyo lori hupanda mlima kwa pumzi ya watu wawili. Mama akauliza kama lina pumu.

Mpango wangu ni huu. Nyumba aliyopanga mama imeuzwa, na Jumamosi anahama. Baada ya kubembelezwa sana amekubali kuja kukaa kwangu huku mlimani, si kwa kaka yangu na mkewe kule bondeni. Wifi alikuwa na uhakika kwamba mama ni wake. Ana pikapu mpya na chumba kinachotazama bustani. Changu kinatazama tangi la maji. Lakini nilimwambia mama kwamba hatahamishwa vipande vipande kwenye pikapu ya mtu, kama mzigo wa duka. Atahama safari moja, kwa lori la binti yake wa kumzaa. Maneno hayo ndiyo yaliyomshinda wifi.

Nilimwambia pia kwamba lori linatembea. Haikuwa kweli siku ile. Ifikapo Jumamosi itakuwa kweli, kwa hiyo siiti uongo.

Jumanne, 7 Mei

Jua tangu asubuhi. Fundi amekuja. Jina lake la mjini ni Fundi Tayari, kwa kuwa ukimwuliza kazi imefika wapi husema tayari, hata kama bado anatafuta spana. Amesema injini ni nzima, imelala tu. Amebadilisha betri, amemwaga dizeli iliyochacha kwenye tangi, kisha akafungua bomba linalotoa hewa kwenye turbo kuipeleka kwenye injini. Lina ufa. Amelichukua kwenda kulichomelea, akaniagiza nilizibe tundu lililobaki ili vumbi lisiingie.

Hapo ndipo shule inapomfaa mtu. Mwingine angeshindilia tambara lolote. Mimi nilitaka kitu safi. Mlangoni ulikuwepo mfuko wa mashuka na mapazia ambao mama aliutanguliza kwangu juzi, vyote vimepigwa pasi. Nikachukua cha juu kabisa, kitu cheupe kilichokunjwa vizuri, nikakitia kwenye tundu bila kukikunjua nisikiharibu mikunjo. Nikakisukuma ndani kwa mpini wa ufagio, upepo usije ukakitoa. Kazi ya mtu makini.

Jumatano, 8 Mei

Mawingu mepesi. Mama amepiga simu kabla sijanywa chai. Kitambaa chake cha kufunika redio hakionekani. Ni kile alichokifuma kwa mkono akiwa na mimba yangu, chenye nyuzi za manjano pembeni. Nilisikitika sana. Nikauliza nani alikuwa akimsaidia kufungasha. Akasema wifi yako.

Sikumtaja mtu kwa ubaya. Nilisema tu kwamba wifi amekuwa akikisifia kitambaa kile tangu alipoolewa, na kwamba sifa ikizidi huwa na mkono.  Mama akasema, "Kumbe."

Nilipokata simu nilijikuta natabasamu. Niliona aibu, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alhamisi, 9 Mei

Joto. Bomba limerudi, limechomelewa vizuri. Fundi alikwenda kutafuta vibanio vipya, akakawia. Nikaona nisimsubiri mtu wa tayari. Nikalifunga mwenyewe kwa vibanio vya zamani, nikayapangusa mafuta. Aliporudi alikuta kila kitu kimekaza, akanisifu. Nilikubali sifa.

Likawaka. Moshi mweusi ulitoka kama mtu anachoma matairi, jirani akaanua nguo zake huku akinitazama. Barabara ya tambarare likaenda, ila kwa kukohoa. Fundi akakuna kichwa, akasema, "Dada, hili lori halipati hewa." Kisha akasema huenda turbo imechoka. Kisha akasema ni pampu. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba turbo ilikuwa nzima mpaka yeye alipoigusa, na kwamba Jumamosi simhitaji. Akakusanya spana zake. Hakusema tayari.

Jioni wifi alikuja. Macho mekundu. Mama hapokei simu zake. Akaniomba, "Wifi yangu, mama anakusikiliza wewe. Mwambie mimi si mwizi." Nikamwahidi. Akaninywea chai, akanioshea vikombe, akaondoka.

Sikumpigia mama. Nilijiambia nitampigia baada ya kuhama, mioyo ikishatulia. Na ikishatulia kwangu.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua ya asubuhi, kisha kimya. Nimepaka rangi chumba cha mama. Nimepanda ngazi nikajaribu kulificha tangi kwa pazia. Tangi limebaki tangi.

Jumamosi, 11 Mei

Anga safi. Heri ingenyesha, watu wangebaki ndani.

Kaka na wifi walikuja kusaidia kupakia ingawa hakuna aliyewaita. Mama alizungumza na wifi kupitia kwa kaka. "Mwambie mkeo asishike sanduku hilo." Wifi alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuguswa. Kabati refu lilitokeza nyuma ya bodi, wifi akafungua kilemba chake chekundu, akakifunga kwenye mguu wa kabati ili magari yatuone. Mimi nisingekumbuka. Nilikereka.

Tukaondoka, mama pembeni yangu, pikapu nyuma. Tambarare tulikwenda. Mwanzo wa mlima lori likaanza kuhema. Katikati ya mlima, mbele ya saluni, mbele ya kituo cha bodaboda, likakata pumzi kabisa. Moshi ukatufunika. Kioo cha kabati kilielekea barabarani, kila aliyekuja kushangaa akajiona anashangaa, wakazidi kuja.

Mama alitazama mbele. Akauliza, "Hawa watu wawili wenye pumzi wameshukia wapi?"

Kaka alimpigia Fundi Tayari. Alikuja, ingawa nilimfukuza, na hakunisalimia. Akasema ataanza kwa kulifungua bomba anionyeshe turbo kwa macho yangu, nimwambie ameiua wapi. Nikasema fungua. Nilisema kwa sauti ili bodaboda wasikie.

Mama alishuka kunyoosha miguu. Fundi alipolivuta bomba, mama akainama karibu yake, akavaa miwani.

"Huo uzi wa manjano ni wa nini?"

Fundi akasema si wa lori. Mama akaingiza vidole, akavuta. Kikaja. Kikaendelea kuja. Maua yaliyofumwa, duara baada ya duara, meusi kwa masizi, mpaka kitambaa chote kikaning'inia mkononi mwake mbele ya saluni. Bodaboda mmoja akauliza kama kuna na mashuka.

Kilikuwa kimefumwa kwa matundu. Hayo ndiyo yaliyoiachia injini pumzi ya kuwaka, si ya kupanda mlima. Niliwaza hivyo kwa sababu sikuweza kuwaza lingine. Mkono wangu ulikuwa umeshika mlango ule usiofunga.

Mama hakunitazama. Alimgeukia wifi, akamwita mwanangu. Akamwambia nimekukosea, na aliyenikosesha tunamjua sote. Wifi akalia. Kisha, mbele ya watu wale, wifi akaniletea maji ya kunywa. Angenitukana ningepona.

Nilisema nilidhani ni shuka. Nilisema fundi ndiye aliyeagiza tundu lizibwe. Mama akasema, "Na simu ya Jumatano aliagiza fundi?"

Fundi akafunga bomba, akawasha. Lori likanguruma, moshi ukawa mwepesi, turbo ikapiga mluzi safi nilioulipia kuusikia. Lingepanda mlima ule bila kusita. Mama akapanda kwenye pikapu ya wifi, akaniambia dirishani, "Geuza." Nikageuza. Lori lenye pumzi ya watu wawili likateremsha vyombo vya mama hadi bondeni, safari ambayo hata toroli bovu lingeimudu.

Chumba kinatazama bustani. Ni chumba kizuri. Nimesaidia kupanga kitanda.

Jumapili, 12 Mei

Ukungu asubuhi, jua mchana. Sikutoka nje. Bodaboda walipita wakipiga honi na kuuliza kama kwenye bomba navua na samaki.

Nimekaa nikatafakari kwa utaratibu nilikosea wapi. Nimekubali kosa langu. Kitambaa kilikuwa cheupe. Kitu cheupe kilichokunjwa hufanana na kila kitu cheupe kilichokunjwa. Kingekuwa cha rangi kali, yote haya yasingetokea.

Nimempigia mama. Sikuomba msamaha moja kwa moja, simu ilikuwa na mikwaruzo. Nilimwomba aje kunitembelea Jumapili ijayo, nitamfuata mwenyewe, aone lori linavyopanda sasa. Akishakaa hapa siku nzima, akaona pazia la tangi, nani ajuaye. Alisema ataangalia. Ataangalia si hapana.

Kwa hiyo jioni nimelifungua bomba nisafishe masizi, lori lisije likanifedhehesha tena. Tundu nimeliziba kwa kitambaa chekundu kilichobaki kwenye bodi tuliposhusha kabati, nikakisukuma vizuri kwa mpini. Baada ya kusafisha nimefunga mwenyewe, vibanio vimekaza. Fundi Tayari sijamwita. Nitamwomba radhi nikishamwonyesha kwamba simhitaji.

Wifi amepiga simu kabla ya chakula cha usiku. Sauti ya upole, anauliza kama nimeona kilemba chake. Nimezunguka lori lote kwa tochi. Hakipo kwenye bodi, hakipo kwenye kiti. Nimemwambia, bila kumsema mtu, kwamba mama siku hizi hufungasha hata visivyo vyake.

Nalala sasa, saa tano na nusu, usingizi mzito unanivuta.