Jiwe Nyuma ya Goli la Kaskazini

Jumamosi, 8 Julai

Leo amefika mkaguzi wa matajiri, klabu kubwa ya ng'ambo tutakayocheza nayo. Anaitwa Florian. Kijana mtanashati, viatu vyeupe. Ametangulia kuja kuukagua uwanja wetu kabla timu yake haijafika kwa mechi ya Alhamisi. Kapima nyasi. Kapima mlango wa choo. Kamwuliza Eyðun, kocha wetu, chumba cha wageni cha kukandwa misuli kiko wapi. Eyðun ni fundi umeme siku za kazi na hajui kudanganya. Akamwonyesha banda la mashua.

Kisha Florian akaliona jiwe.

Liko nyuma ya goli la kaskazini, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Ndani yake wanaishi watu. Wa kijivu, wasioonekana, wapo tangu kabla ya kanisa. Barabara ilipojengwa ilipindishwa ili kuwapisha, na uwanja vilevile. Hakuna mtu kisiwani anayeligusa. Florian akasema liondolewe, mshambuliaji wao anaweza kujigonga, na mguu mmoja wa mshambuliaji huyo ni ghali kuliko kisiwa chetu pamoja na kondoo wake. Lisipoondoka, klabu yake itatusemea kwa wakubwa wa mpira na mechi itahamishiwa nchi nyingine. "Kanuni ni moja kwa wote, mama," akaniambia.

Ni moja, kweli. Ila zilipoandikwa wao walikuwa mezani, sisi tulikuwa baharini.

Watu wote wakainama kutazama viatu vyao. Mimi sikuinama. Nilikuwa nafikiri.

Jumapili, 9 Julai

Naandika jambo moja ili nisilisahau. Mwaka jana tulicheza na matajiri wengine, tukafungwa tisa bila. Kipa alikuwa Rókur wangu. Mtoto niliyemzaa siku ya dhoruba, mwenye mikono kama makasia, kipa bora kuliko wote niliowahi kuwazaa. Aliporudi nyumbani aliingia kwenye kibanda tunachokaushia nyama, akakaa humo katikati ya mapaja ya kondoo, hataki kula, hataki kusema. Juzi kaniambia: "Wakinifunga hivyo tena, mama, natundika glovu. Napanda meli ya uvuvi ya Grinlandi." Baba yake alipanda meli hiyohiyo. Hatukuletewa hata kofia.

Kwa hiyo lazima Alhamisi iwe sawa kwa sawa. Sisemi tushinde. Sawa tu.

Baada ya ibada, Marjun wa kibandani, anayekaanga maandazi ya uwanjani na ambaye mwanawe Teitur ni mshambuliaji wetu, alinisogelea mbele za watu. "Shoga, mwaka huu mwambie mwanao asimame nje ya goli. Huenda mpira ukamkosa." Nikacheka. Nitamwombea.

Mpango wangu ni huu. Wa kijivu hawapendi kusumbuliwa. Bibi alimjua mtu aliyesogeza jiwe lao dogo tu. Tangu siku hiyo hakuweza kuipata njia ya kwake. Kila jioni ilibidi ashikwe mkono. Basi tajiri akilisogeza jiwe, atakayelipa ni tajiri. Mizani itakaa sawa. Mimi siligusi. Nashangaa hakuna mwingine aliyeliwaza hili. Shule niliiacha mapema nikaenda kupasua samaki, na ndiyo maana kichwa changu bado kina nafasi.

Jumatatu, 10 Julai

Imefanyika. Nilimpelekea Florian nyama kavu na mtaimbo wa marehemu mume wangu. Nikamwambia hapa hatuna mtu mwenye nguvu za kutosha, labda yeye. Mwanamume ni mwanamume. Akavua koti.

Nilidhani atahangaika. Zamani, barabara ilipokuwa inajengwa, jiwe lile liliishinda trekta. Yeye aliingiza mtaimbo, akaegemea kidogo, na jiwe likageuka kama mkate unaotoka kwenye chombo. Kimya. Hata kondoo walinyamaza.

Chini yake hapakuwa na minyoo wala maji. Palikuwa pakavu. Pamefagiwa.

Florian akafuta mikono, akanirudishia mtaimbo, akasema ahsante, mama. Mtaimbo ulikuwa na joto. Nikautupa kwenye kibanda cha nyama.

Jumatano, 12 Julai

Ukungu. Umeingia jana, haujatoka. Ndege ya matajiri imezunguka juu yetu, tukaisikia, ikarudi ilikotoka. Ikabidi waje kwa meli. Wameshuka bandarini na rangi ya majani kwa kichefuchefu cha bahari, yule wa mguu ghali kabebwa kama gunia la viazi. Nilitaka kupiga makofi. Nikajizuia, mimi ni mtu mzima.

Lakini kuna mambo madogo.

La kwanza, viatu. Naviacha mlangoni kama kila mtu, ncha zikitazama ndani. Asubuhi nimevikuta vimegeuka, vinatazama uwanjani.

La pili, jezi. Mimi ndiye ninayefua za timu, na kisiwa kizima hakuna anayezing'arisha kama mimi. Leo nilipoanua, kwenye kamba kulikuwa na moja ya ziada. Ya sufu, ya kijivu, haina namba. Nikampelekea Marjun, nikamwambia chukua yako. Akaitazama, akaweka mikono nyuma. "Hiyo si yangu, Sunnuva. Na wewe usiilete karibu na maandazi yangu."

La tatu, Rókur. Amerudi mazoezini ametulia, anakula. Kasema kuna jamaa wa kijivu alisimama golini kwake ndani ya ukungu, kamfundisha namna ya kungoja mpira. "Anadaka vizuri, mama." Nikamwuliza wamezungumza nini. "Hana maneno mengi. Aliniuliza tu mtaimbo ulikuwa wa nani."

Nikamwuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia wa mama."

Nimefunga mlango. Ukungu umo humu ndani, karibu na jiko, umekaa.

Alhamisi, 13 Julai

Sare. Bila bila. Na matajiri!

Niandike kwa utaratibu. Saa ya mechi ukungu uliinuka, lakini uwanjani tu. Ukasimama kwenye mistari myeupe kama ukuta, pande zote nne. Refa aliutazama sana. Magoli yote mawili yanaonekana kutoka katikati, akasema, kwa hiyo tunacheza. Sisi watazamaji tulisimama ndani ya ukungu tukichungulia. Kondoo nao walikuja. Walijipanga nyuma yetu, hawakula hata jani.

Nahodha wao akateleza. Muda si mrefu, nahodha wetu akateleza. Wao wakagonga mwamba. Sisi tukagonga mwamba. Marjun akaninong'oneza kwamba mechi hii inamtia baridi mgongoni. Nikamwambia hiyo ndiyo haki, shoga, hujaizoea tu.

Kisha wakapata penalti. Upepo ukaanza, mpira hautulii kwenye alama. Kwetu hapa, upepo ukiwa hivyo, mtu hulala chini na kuushika mpira kwa kidole mpaka mwenzake apige. Matajiri hawakulijua hilo, wakabaki wakitazamana. Mtu akatoka nyuma ya goli, pale jiwe lilipokuwa. Jezi ya kijivu, haina namba. Naijua jezi hiyo. Niliifua. Akalala, akaweka kidole. Refa akadhani ni mtu wao, wao wakadhani ni mtu wetu. Yule wa mguu ghali akaja mbio, akainama kidogo, akamwona uso.

Mpira ulikwenda baharini. Mpigaji akaomba kutoka. Mpaka mechi inaisha alikuwa ameketi, taulo kichwani, anasema kwa lugha yake neno moja tu.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Na hapo sote tungekuwa na furaha. Lakini dakika za mwisho penalti ikawa yetu. Teitur wa Marjun akauweka mpira. Upepo. Na yule wa kijivu akatoka tena, akalala, akaweka kidole.

Nikamwita: "Wewe baba, hao ni wetu!" Akageuza kichwa upande wangu. Sitaandika alivyo.

Teitur naye akaupeleka baharini. Sawa kwa sawa.

Rókur wamembeba mabegani mpaka bandarini. Hajafungwa hata moja. Mwanangu. Anacheka. Amesema hatapanda meli ya Grinlandi mwaka huu wala ujao, na Alhamisi ijayo tunakwenda kwao kwa marudiano.

Ijumaa, 14 Julai

Matajiri wameondoka. Florian hajaondoka. Alikwenda bandarini mara nne, na kila mara njia ilimleta uwanjani, kwenye shimo la jiwe. Nimecheka. Nikachukua kikapu kwenda dukani, nikanunua unga, nikarudi nyumbani.

Nikafika kwenye shimo la jiwe.

Nikazunguka kwa kanisani. Shimo. Nikapita ufukweni. Shimo. Florian alikuwa ameketi ukingoni, viatu vyake vyeupe amevivua, amevipanga vizuri kando. Akaniuliza kwa upole kama mimi pia niko hapa. Nikamwambia napita tu.

Rókur ndiye aliyetushika mikono, mmoja huku, mwingine kule, akatupeleka kwangu kama watoto wa chekechea. Marjun alikuwa mlangoni kwake. "Mwenye mtaimbo na mwenye mkono," akasema. "Wamewagawia sawasawa. Si ulitaka haki?"

Mimi sikuligusa jiwe. Niliazimisha mtaimbo tu. Hapo naona wa kijivu wamepitiliza.

Jumapili, 16 Julai

Jana wanaume kumi na Eyðun na trekta walijaribu kulirudisha. Halikutikisika. Rókur akasema jamaa yake amemwambia ni kazi ya wale wawili, na kwanza yule mwanamke aseme samahani. Kwa mdomo.

Nikasema. Mbele ya Marjun, ambayo ndiyo iliyoniuma. Kisha mimi na Florian tukaweka mabega, na jiwe likarudi mahali pake kama paka anayelala. Ukungu ukaondoka papo hapo. Florian ameipata bandari kwa mara ya kwanza. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili, akasema ataandika kwamba uwanja wetu hauna kasoro. Kijana mwema. Nimemfungashia nyama.

Eyðun kanishika bega, kaniomba kwa heshima nisiliguse tena jiwe lile maisha yangu yote. Nimemwahidi. Nimejifunza, nikamwambia.

Ila nimekaa na kuwaza. Alhamisi tunacheza kwao. Uwanja wao una viti vinavyopashwa joto, taa kama jua na watu wengi kuliko samaki wetu. Wao wana kila kitu, na nyuma ya goli lao hakuna jiwe. Haki iko wapi hapo? Rókur atasimama peke yake.

Wakati tunalisukuma jiwe kipande kilibanduka pembeni. Kidogo, kama kiazi. Sikukibandua mimi, kilibanduka chenyewe, mimi niliweka tu mkono chini. Nimekifunga ndani ya soksi ya Rókur, soksi ndani ya glovu, glovu chini kabisa ya begi lake la safari. Bado kina joto. Marjun hajui.

Jioni hii nimeangalia mlangoni. Viatu vyangu vimegeuka tena, ncha zinatazama barabara ya bandarini. Kando yake kuna jozi nyingine. Ndogo, ya ngozi ya kijivu, imelowa. Nayo inatazama bandarini.

Wanataka kusafiri, maskini, hawajawahi kutoka hapa. Nimewaongezea nyama begini.