Emu wa Bi Thirza

Jumatano, 7 Mei

Tumefika Wirrabeena saa nne asubuhi. Mtaa mmoja, baa mbili, upepo wa kukata masikio. Naegesha gari-nyumba letu chini ya mkaratusi wa kambi ya wasafiri, nainua macho, naona nini? Basi la bluu la Gavin Duddy! Moyo paa! Kila mji ninaofika, huyo mtu kanitangulia na mashine yake ya kuchomelea. Kangaruu wake wa minyororo ya baiskeli wanagombewa gulioni kabla hajawashusha. Mijusi yangu ya spana watu huipiga picha, wakaenda zao.

Lorna anasema Gavin ni fundi mzuri tu, na mimi nijifunze kupiga msasa. Mke wangu huyo, wa ndoa ya miaka thelathini na minane!

Habari kubwa: mwenye kambi, mjane aitwaye Bi Thirza Kleemann, anataka emu wa chuma, yule ndege mkubwa kama mbuni, wa kusimama langoni, mrefu kuliko mtu, kabla ya Jumapili. Ni Siku ya Akina Mama, wageni watafurika. Alikuwa anangoja Gavin amalize chai ampe kazi hiyo. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba Gavin, maskini, mkono umekufa ganzi, hashiki hata kijiko. Bi Thirza akajishika kifua. Kazi nimepewa mimi.

Ndipo hofu ikaniingia. Emu mrefu kuliko mtu anataka tumbo, na tumbo sina! Nikachukua mkokoteni wangu, nikatembea hadi kwenye ziwa la chumvi. Kuna seng'enge kuukuu huko, imelala chini sehemu kubwa. Nikaivuka. Ng'ambo nikakuta tumbo langu: chuma cha mviringo, kinene katikati, kimechongoka mbele kama papai kubwa. Kizito hicho! Kando yake kibao cha bati kimelala kifudifudi mchangani. Bati la mabawa hilo. Vyote havina mwenyewe.

Nimerudi natetemeka. Kwa baridi, na kwa woga kwamba Gavin ataniona.

Alhamisi, 8 Mei

Kazini tangu alfajiri. Kibao nimekikata vipandevipande bila hata kukigeuza. Shingo ni bomba la maji, kichwa ni jembe lililovunjika mpini, miguu ni nondo. Nimechomelea miguu kwenye papai langu muda wa saa tatu. Chuma kikawa chekundu. Mara mbili nikasikia kitu kinacheza ndani: chuku, chuku. Kutu, nikasema. Nikakipiga nyundo ili kitulie. Kikatulia. Mchana nikakikalia, nikala mkate na nyama baridi.

Saa tisa tukamsimamisha langoni, hatua tano kutoka kwenye shimo la moto wanaouota wageni. Bi Thirza akalia machozi. Anasema macho ya emu ni macho hasa ya marehemu mumewe, Bruno. Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia. Bruno sijamwona hata pichani.

Mara Gavin huyo, mikono yote mizima, kabeba mzigo wa kuni! Nikajitupa nyuma ya tangi la maji. Bi Thirza akampa pole ya mkono. Gavin akauliza mkono upi. Kisha akaenda kwa emu, akampiga konzi tatu za tumbo, akasema kwa sauti ya kunifikia hadi tangini:

“Huyu si emu, ni kuku mwenye mimba ya mapacha! Yuko wapi Clem Treloar nimpe hongera?”

Sikutoka. Gavin ana mikono kama makafi ya mtumbwi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeshinda ndani ya gari, mapazia yamefungwa. Gavin amepita dirishani mara nne anapiga mluzi. Mluzi wa mtu mwenye subira ndio wa kuogopwa.

Wageni wamempenda emu. Wamemvisha skafu. Watoto wanapandishwa mgongoni kupigwa picha. Jioni waliwasha moto mkubwa, na mimi nikajipa ujasiri nikatoka, maana Gavin alikuwa baa. Nikamwegemea emu wangu. Tumbo lilikuwa limepata joto la moto, likanikanda kiuno vizuri sana. Lorna akasema leo angalau ninafanana na mtu mwenye furaha.

Jumamosi, 10 Mei

Shajara nilikuwa nayo mfukoni, kalamu nimeazima. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi Lorna aliweka sufuria ya uji juu ya kipande cha bati kilichobaki. Akauliza “ZINGA. USIGU” maana yake nini. Nikamjibu ni mizinga ya nyuki. Mizinga, usiguse. Watu wa huku wafugaji. Lorna akatazama nje dirishani: mchanga, mawe, mchanga. Akauliza nyuki wa huku wanakula nini. Akachukua miwani yake, akatoka.

Akarudi polepole, uso umekuwa mweupe kama unga.

“Clem. Bawa la kushoto limeandikwa HATARI. La kulia limeandikwa JESHI. Mkiani kuna MAZOEZI YA MI.”

Akasogeza kile kipande cha ZINGA katikati ya meza. Uji ukaungua. Hakuna aliyeinuka kuuepua.

Si mizinga ya nyuki.

Bomu! Nililichomelea saa tatu! Nililipiga nyundo! Nilikula juu yake! Jana nilijikanda nalo kiuno! Nikawaza wale watoto waliopandishwa mgongoni, nikakimbilia sinki, nikatapika.

Lorna hakutapika. Alivaa koti akasema anakwenda kwa Sajini Coralie Munn, polisi wa pekee wa mji, aliyeko uwanjani kwenye mechi kama mji mzima. Mimi niwaondoe watu langoni, na nisiguse kitu. Akanishika mashavu yote mawili akarudia: “Usi-gu-se.”

Watu hawakuwapo wa kuondoa, wote wako mpirani. Nikabaki mimi na emu. Ndipo akili ikafanya kazi, bahati mbaya. Sajini akimkuta hapa, mimi ni mtu aliyevuka seng'enge ya jeshi akakata kibao cha serikali. Akimkuta ziwani, mimi sijui lolote! Nikafunga mkokoteni nyuma ya gari-nyumba. Nikamlaza emu juu yake, nimemkumbatia kama mtoto mchanga, nimefumba macho, ninaomba dua zote ninazozijua na nyingine za kubuni. Chuku, akasema tumboni. Nikalia kidogo. Kisha nikawasha gari.

Barabara ya ziwani ni mawimbi matupu ya changarawe. Nikaenda mwendo wa kobe mgonjwa. Kila wimbi, roho inanitoka na kurudi. Nusu ya njia nikasikia nyuma yangu:

“Mwizi! Unamwibia mjane emu wake, mchana kweupe!”

Gavin. Kwa miguu! Alikuwa amebaki kambini kunisubiri mimi. Nisingeweza kuongeza mwendo. Akanifikia akitembea tu, hata hakuhema. Akarukia mkokoteni, akamkalia emu mgongoni kama mpanda farasi, akakunja mikono.

Nikasimamisha gari. Nikateremka.

“Shuka, ndugu yangu.”

“Leo ndugu yangu? Juzi mimi ni kiwete wa mkono! Sishuki mpaka unirudishe kwa yule mama ukaseme ukweli.”

Nikamwambia amekalia nini. Akacheka mpaka akapiga tumbo la emu makofi. Nikamwomba asome mabawa. Akainama kulia, akasoma. Akainama kushoto, akasoma. Kicheko kikakatika kama uzi.

“Clem,” akanong'ona, “miguu haitaki.”

Nisidanganye, hii ni shajara yangu: nilikimbia. Hatua ishirini, labda thelathini. Sijui kilichonisimamisha. Aliita jina langu mara moja tu, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili ule. Nikageuka. Mkojo ulikuwa umeshanitoka. Nikarudi, nikampa mkono, akaushika kwa vidole vya barafu. Tukaanza. Mguu mmoja. Pumua. Mguu wa pili. Chuku. Tukaganda tukitazamana, na nikaona kwamba Gavin Duddy ana macho ya kijani, kitu ambacho sikukitaka kukijua. Alipokanyaga chini hatukuambizana. Tulikimbia tumeshikana mikono mpaka tukakutana na gari la Sajini.

Sajini Munn alimsikiliza Lorna, akanisikiliza mimi, akauliza swali moja: bomu liko wapi. Nikaonyesha. Nyuma ya gari-nyumba letu, limefungwa kwa kamba yangu mwenyewe, fundo zuri kabisa.

Nikasema nikalifungue. Sajini akasema nikisogea hatua moja atanitia pingu. Wataalamu watafika kesho.

Nyumba tuliyouza ilikuwa imegeuka lile gari. Nguo zetu zimo. Picha za mama yake Lorna zimo. Cherehani yake imo. Lorna alisimama barabarani akilitazama kwa mbali, mdogo mdogo jangwani. Ningefurahi kama angenitukana.

Gavin ametupa kitanda chake, yeye analala chini. Ni kitanda kizuri kuliko chetu. Uchungu juu ya uchungu.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Akina Mama. Kambi nzima imehamishiwa uwanjani, akina mama na maua yao wamekaa kwenye viti vya mashabiki wakinywa chai ya thamosi. Kila mmoja anajua ni mimi. Bibi mmoja ambaye simjui kabisa amenisonya.

Wataalamu walikuja wanne. Mkubwa wao mwanamke mfupi, Kapteni Hedda Lister, mpole wa kutisha. Alikwenda peke yake kwenye gari letu. Kwa darubini ya Sajini nilimwona akipiga magoti kwenye fundo langu. Dakika kumi. Kumi na tano. Nani alinifundisha kufunga fundo hivyo! Jasho lilinitiririka katika baridi ile. Lorna alikuwa ananibana kidole gumba mpaka kikawa cha bluu. Nikawaza kwamba yule mwanamke naye ana mtu anayemngoja kwa chai mahali fulani leo, na akifa, kafia kwenye fundo langu.

Likafunguka. Wakaliondoa gari-nyumba taratibu. Lorna akaachia pumzi, akaachia na kidole. Emu akapelekwa ziwani na skafu yake shingoni.

Saa nane, mlio. Sijawahi kusikia mlio wa namna ile. Uliingia kwa miguu ukatokea kwa meno. Kasuku wote wa wilaya wakaruka. Moshi ukasimama juu ya ziwa kama mnara. Nilikuwa nimelala kifudifudi, na mtu alikuwa amenilalia: Gavin.

Kapteni Lister alirudi akitafuta aliyechomelea. Mkutano mzima ukaninyooshea vidole. Akaniambia baruti yote ilikuwemo, kavu, nzima kama siku ilipotiwa. Amewahi kuona watu wakiyapiga teke mabomu ya namna ile, wakiyafanya kizuizi cha mlango, mmoja akalikunia mgongo. Wa kuchomelea miguu, mimi ndiye wa kwanza. Kwa nini haikulipuka, hajui. Akanitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa upole kama nimewahi kuanguka nikaumia kichwa.

Nikaapa hapo hapo, mbele ya wote, mkono juu: sitagusa tena kisicho changu, sitamsingizia mtu, nitamsikiliza mke wangu. Bi Thirza nikamwambia ukweli wa mkono wa Gavin. Alikuwa analilia macho ya Bruno, sidhani kama alinisikia. Gavin ameahidi kumtengenezea emu mwingine, bure. Sajini ameniandikia onyo refu la kurasa tatu, na ataliandikia jeshi pia.

Lorna alilia usiku, kimya. Nikamshika mkono. Akauondoa. Baadaye akaurudisha.

Alhamisi, 15 Mei

Mji mwingine, Cooralta. Tumekuja pamoja na Gavin, anasema ni salama zaidi akiniona. Lorna ndiye anayeendesha gari sasa, funguo anazivaa shingoni. Kila mlango ukijibamiza ninaruka. Chai inamwagika. Nimekuwa mtu mwingine kabisa, makini, mwenye hofu ya Mungu na ya chuma.

Mhudumu wa hoteli anataka swala wa bustanini, mwembamba, wa kung'aa. Alitaka kumpa Gavin. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba Gavin, maskini, tangu ule mlipuko haoni vizuri.

Nyuma ya ukumbi wa mji nimeona mabomba ya shaba. Marefu, yamenyooka, yanawaka juani kama dhahabu. Yamesimama tu pale ukutani, ncha zake zimeingia ndani ya ukumbi, hakuna anayeyatazama. Nimekuwa mwangalifu: nimeyazunguka mara tatu, nimeangalia kama kuna maandishi. Hakuna. Nikayagusa kwa kidole kimoja. Yana joto kidogo. Nikatega sikio, nikasikia yanavuma kwa ndani, taratibu, kama mtu aliyelala.

Hayana mwenyewe. Ukumbi hufungwa saa saba. Nimeazima msumeno wa chuma kwa Gavin, nimemwambia ni wa mfupa wa supu.