Kesi ya Nasri na Minyaa ya Mama Ange

Jumatatu, 14 Julai

Imeanza! Kesi ya Nasri Kombora, mwimbaji ambaye nusu ya vijana wa Kibondo wananyoa kama yeye. Anashtakiwa kwa kumuua meneja wake. Marehemu alikutwa alfajiri ndani ya bwawa la kuogelea, nyumbani kwa Nasri, Dar es Salaam. Jaji ameruhusu kamera. Nchi nzima inatazama.

Kibondo inatazama kwangu. Mimi ndiye fundi redio wa karibu na stendi, na kibandani nina runinga ya inchi hamsini. Hapa daftarini niseme kweli: runinga ni ya Mansuri, muuza vitenge. Aliileta mbovu, ikapona tangu Alhamisi. Nimemwambia nasubiri kifaa kutoka Mwanza. Haki ya wananchi kupata habari kwanza.

Watu ishirini na mmoja kabla ya saa nne asubuhi. Nikawafafanulia sheria. Wote wanajua nilisomea sheria. Hakuna aliyewahi kuniuliza niliishia wapi, na mimi sina tabia ya kujisemea. (Muhula mmoja na nusu. Baba alifariki, nikarudi.)

Kero ni moja: Mwalimu Tharsisi, mstaafu. Kaingia na miwani ya jua, kajipa kiti cha mbele, katangaza kwamba ushahidi wa mazingira unatosha kabisa kumtia mtu hatiani. Eti si lazima mtu aonekane akitenda. Shahidi wa kwanza alikuwa hajala hata kiapo! Na miwani ile ndani ya kibanda chenye giza! Anajifanya wakili wa serikali. Maringo tu.

Jumanne, 15 Julai

Mlinzi wa Nasri katoa ushahidi. Alisikia kishindo cha kitu kutumbukia majini saa saba usiku. Tharsisi akapiga paja, akasema kesi imekwisha.

Zuhra wa chai akanyamazisha watu wote. Anauza chai na maandazi mlangoni pangu, hatazami, anasikiliza tu huku anakanda unga. Akauliza akiwa hukohuko nje: si huyo mlinzi kasema umeme ulikatika na jenereta lilikuwa linanguruma? Alisikiaje maji?

Saa moja baadaye wakili wa utetezi kauliza swali hilohilo. Neno kwa neno! Watu wakamgeukia Zuhra, wakampigia makofi. Nikaeleza kwamba nami nilikuwa nataka kulisema. Hakuna aliyegeuka.

Kisha shati. Upande wa mashtaka una shati la Nasri lililokutwa bichi kwenye kamba. Nikasema ni kielelezo hatari. Zuhra akasema kama lilifuliwa jioni, Dar na joto lake la majimaji, lingekauka saa ngapi? Shati bichi alfajiri ni shati lililofuliwa, basi.

Inaudhi mtu ambaye hajasoma sheria kuwa na akili namna hii.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata mteja!

Esteri, Mama Ange, mjane, analima bondeni. Alikuwa Nyabibuye kwenye msiba wa dada yake, wiki nzima. Karudi jana akakuta minyaa ya mpaka wa shamba lake imeng'olewa na kupandwa upya hatua sita ndani ya ardhi yake. Hatua sita, urefu wote wa shamba! Anayepakana naye upande huo ni mmoja tu.

Mwalimu Tharsisi.

Ee Mola, umenipendelea.

Baraza la kata litawasuluhisha Jumatano ijayo. Mama Ange kasema amesikia nikichambua kesi ya Nasri, akaona mimi ndiye mtu. Alisema hivyo. "Wewe ndiye mtu." Nikamtaka arudie, nikasingizia kelele za basi.

Jioni nikamweleza mke wangu, Swaumu. Akauliza kama nina hakika nahitajika, maana baraza ni wazee wa hapahapa, unaingia unasema kilichotokea. Nikamwambia hivyo ndivyo watu wanavyofungwa.

Ijumaa, 18 Julai

Kurasa kumi na tatu za hoja. Nimezipa namba.

Tatizo limejitokeza. Mchana kutwa nimekuwa nikimtetea Nasri kwamba ushahidi wa mazingira si kitu, lazima awepo aliyeona kwa macho. Sasa kwa Mama Ange hakuna aliyeona kwa macho. Nina mazingira matupu. Tharsisi naye, siku nzima anashabikia mazingira. Itabidi Jumatano tubadilishane.

Zuhra kanifuata nikiwa nafunga kibanda. Anasema ana neno kuhusu Mwalimu, huenda likamsaidia Mama Ange. Nikamshukuru kwa adabu. Nikamwambia upande wetu umekamilika, na shahidi asiyeandaliwa ni hatari. Akasema, "Sawa, fundi," akabeba sufuria zake akaenda.

Jumatatu, 21 Julai

Balaa.

Jaji kasema Nasri ana kesi ya kujibu. Ndani ya kibanda watu hamsini, wengine juu ya ndoo. Ndipo akaingia Mansuri. Alisikia kuna runinga kubwa kuliko hata yake. Akatazama dakika tano. Akatazama kona ya chini, mahali binti yake alipobandika ua la karatasi. Akanitazama mimi.

Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Kanipongeza kwamba kifaa cha Mwanza kimefika upesi. Akakaa hadi mahakama ilipoahirisha, akaomba vijana wawili wamsaidie kubeba. Akawakaribisha wote dukani kwake kuanzia kesho, kuna viti na feni.

Wote walisema watakwenda. Hata Zuhra amehamisha jiko.

Jumanne, 22 Julai

Tumetazama kwa simu yangu, mimi na Swaumu. Kioo kina ufa, kwa hiyo jaji ana vichwa viwili.

Siku ya utetezi. Wakili wa Nasri akasimama, akavuta joho. "Mheshimiwa Jaji, mteja wangu hatasema neno lolote..." Bando likaisha.

Yalinitosha! Nilisisimka mwili mzima. Kimya! Huo ndio mkakati! Anayelalamika ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha. Kurasa kumi na tatu nimeziweka kando, nikapanda pikipiki mpaka bondeni. Nikamwambia Mama Ange: kesho usiseme neno.

Akauliza hata akiulizwa? Nikasema hasa akiulizwa.

Akasema ego, ndiyo ya kwao, kwa sauti ndogo, akarudi kwenye maharage yake. Njiani ndipo nikakumbuka kwamba anayelalamika ni yeye. Nimeona nisimchanganye tena.

Jumatano, 23 Julai

Nimerudi kutoka barazani.

Ofisi ya kata ilijaa. Mwenyekiti wa baraza, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akamwomba Mama Ange aeleze malalamiko yake. Mama Ange akanyamaza. Akaulizwa tena. Kimya. Wajumbe wakadhani haelewi Kiswahili, mmoja akamuuliza kwa Kiha. Kimya. Alikuwa amekunja mikono juu ya kitenge chake, ananitazama mimi, kama mtu anayevushwa mto na mtu asiyejua kuogelea.

Tharsisi akasimama bila kuombwa. Akauliza, nani aliniona? Leteni mtu aliyeniona kwa macho yake! Mazingira si ushahidi!

Nikaruka. Nikapaza sauti: "Pingamizi!" Mwenyekiti akauliza mimi ni nani. Nikasema mwakilishi. Akauliza wa nani, nikamwonyesha Mama Ange. Akasema hapa kila mtu anajisemea, nikae au nitoke. Nikakaa. Akamwambia karani aandike kwamba mlalamikaji hana la kulalamika.

Nilijua ni mimi. Karani kashika kalamu, na ni mimi niliyemfikisha pale.  Nikamwashiria kwa kichwa: sema, mama, sema.

Akasema. Hakuinuka wala hakupaza sauti. Alisema minyaa ile aliipanda mume wake mwaka walipopewa uraia, wakaacha kuitwa wakimbizi. Siku ile alishinda shambani peke yake na panga, karudi jioni macho yamevimba kwa utomvu, anacheka. "Aliniambia, Esteri, sasa na sisi tuna mpaka wetu." Basi. Akanyamaza tena, safari hii kwa hiari yake.



Ndipo Zuhra, aliyekuwa mlangoni na chupa ya chai ya wajumbe, akaomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Mwenyekiti akamruhusu. (Kumruhusu yeye!) Akasema, Mwalimu, Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi mapema, ulikuja kwangu hutazamiki. Ulisema ni vumbi. Ukaniomba maziwa mabichi ya kuoshea macho. Ukavaa miwani siku nne.

"Tangu lini vumbi linaoshwa kwa maziwa, Mwalimu?"

Watu wakaanza kucheka, kwanza nyuma, kisha hadi wajumbe. Hapa kwetu kila mtu anajua. Utomvu wa mnyaa ukikuingia jichoni, mama yako anakimbilia maziwa. Hakuna kingine kinachooshwa hivyo.

Tharsisi akakaa. Akavua kofia. Nilidhani nitafurahi. Alionekana mzee ghafla. Akasema korongo limemlia robo ya shamba mvua zilizopita, kila akiamka anakuta limesogea, akaona na yeye asogee. Alisema nyumba ya Mama Ange ilikuwa kimya wiki nzima, akajidanganya kwamba hawarudi. Atairudisha minyaa kwa mkono wake. Mama Ange akamwambia avae miwani kabla, si baada.

Yote nilikuwa nayo. Nimefungua ukurasa wa tarehe 14. Miwani ya jua, giza, kiti cha mbele. Nikaandika "maringo".

Mama Ange kanifuata nje. Nilijitayarisha kutukanwa. Akanishukuru. Kasema asingenyamaza kwanza, pengine asingejua lipi la kusema. Sidhani anaamini hivyo. Nadhani aliniona nilivyo.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda dukani kwa Mansuri. Nikasimama mlangoni. Mansuri akasogeza kiti bila kunitazama, nikakaa.

Nasri yuko kizimbani anazungumza! Saa tatu mfululizo! Bwawa, mkataba, ugomvi na marehemu, machozi, kila kitu. Nikapaza sauti kwamba hii haiwezekani, wakili kasema atakaa kimya. Duka zima likanigeukia. Zuhra akanieleza taratibu kwamba wakili alisema mteja wake hatasema neno lolote leo, kwa kuwa ameamka na homa, wakaomba wapangiwe siku nyingine.

Leo. Neno moja! Bando la siku moja lilikwisha kabla ya neno moja!

Nikamuuliza Zuhra kwa nini Ijumaa hakusisitiza kuniambia habari ya maziwa. Akasema alisisitiza, nikamwita hatari. Akanipa andazi.

Ijumaa, 25 Julai

Imekwisha, na haijaisha. Jaji kaahirisha hadi Septemba atakaposoma hukumu. Septemba! Watu wakatoka dukani kwa Mansuri wameinama kama wametoka mazikoni. Kila mtu na hukumu yake mfukoni. Zuhra kasema hajui kama Nasri aliua, na jaji naye huenda hajui, ndiyo maana anataka muda. Sijawahi kusikia hoja dhaifu kama hiyo.

Tharsisi alikuwepo. Kakaa nyuma. Vidole vina udongo wa bondeni. Tukasalimiana. Nikamwambia utetezi wake juzi ulikuwa na kasoro mbili tu, nikamtajia zote. Akasema asante, akanikwepa.

Kibanda kitupu. Nimetengeneza redio mbili na pasi moja. Kimya kinachosha.

Jioni Swaumu akipepeta maharage kanitajia, kwa kupita tu, kwamba kaka yake wa Kasulu anagombana na jirani kuhusu ng'ombe aliyezaa mapacha zizini kwa mtu mwingine. Nikaweka kijiko chini. Ng'ombe wa nani? Zizi la nani? Nani aliona kwa macho?

Nimekwisha kuandika kurasa tisa. Naondoka kwa basi la kwanza. Swaumu anasema kaka yake hajaniomba. Nimemjibu ndiyo maana nawahi, kabla hajamwomba mtu asiyejua sheria.