Maputo ya Kevin Kwenye Mfongo

Jamani, leo nimeaibika mbele ya profesa, mbele ya Mama na mbele ya jirani, kwa mpigo mmoja.

Utafiti wangu wa uzamili mnaujua. Naiga kwenye kompyuta jinsi vifuko vidogo mno, vyenye ngozi laini ya mafuta, vinavyosafiri kwenye maji yanayotiririka. Siku moja vije kubeba dawa kwenye mishipa ya damu. Wiki nzima programu ilikuwa inagoma. Leo asubuhi ikakubali! Kifuko kikafika penye wembamba, kikajikunja, kikapenya, kikatokea upande wa pili kizima. Nilipiga kigelegele peke yangu. (Mama akauliza kama nimepata mchumba.)

Sasa, leo hiihii nilikuwa na kikao cha video na profesa wangu. Akiridhika, naanza kuandika tasnifu. Asiporidhika, narudi mwanzo. Nikasema, kwa nini nisimwonyeshe na kitu cha kushikika? Nyuma ya nyumba yetu hapa Kibosho unapita mfongo, ule mfereji unaoleta maji ya mlimani kwenye kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kwa zamu. Na ndani ya nyumba yalibaki maputo ya sherehe ya kipaimara ya mdogo wangu Kevin. Nikayajaza maji nusunusu, nikayatupia yote kwenye mfongo huku narekodi kwa simu. Uwii, yalivyobingirika! Yakateleza chini ya migomba kuelekea kwa jirani. Nilirukaruka kama mtoto. Wala sikuyafuata. (Shikeni hapo.)

Nikakaa kwenye baraza ya nyuma, penye mtandao mzuri, nikamwonyesha profesa video. Akafurahi.

"Kwa hiyo hayakwami?"

"Hayakwami, Profesa! Kitu laini hujikunja kikapita. Hakiwezi kuziba njia."

Hapohapo nikahisi ubaridi miguuni. Maji! Yalikuwa yanapanda barazani, yamebeba kandambili zangu. Nikanyanyua miguu kimyakimya, nikaendelea kutabasamu.

Mara akaibuka nyuma yangu Baba Aneth, yule jirani wa chini. Kamera inamwona mzima: mabuti, jembe begani, maputo mkononi yanachuruzika.

"Shikamoo, Baba Aneth."

"Marahaba. Leo zamu ya maji ni yangu, na mfongo wangu mkavu! Nakuta haya yameziba bomba la mpakani. Nani kafanya hivi?"

"Labda watoto." (Shetani alinipitia.)

Akaligeuza puto moja taratibu. HONGERA KEVIN, kwa maandishi ya dhahabu. Kwenye sherehe hiyo mwenyekiti wa kamati alikuwa yeye.

"Yesu na Maria!" Mama akapaza sauti toka dirisha la jikoni. "Doris, si ulisema ni masomo?"

Profesa alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasogelea skrini.

"Mzee, shikamoo. Samahani, yalikwama moja moja, au yalifika pamoja?"

"Pamoja! Yamebanana pale kama wageni wa sherehe waliosikia mbuzi wa ndafu kafika."

"Doris, kwenye kompyuta umeweka vifuko vingapi?"

Kimoja.

Kimoja, jamani!

Basi narudi mwanzo, safari hii na vifuko vingi. Profesa anasema sasa ndiyo utafiti umeanza, na kusema kweli nina hamu nao kuliko jana. Ila kwa sasa niko ndani ya mfongo nazoa tope, na Baba Aneth amevuta kiti ananisimamia. Anayetaka kucheka aje na koleo lake.